Ombi la Kuondoa Zulia Katika Baa Yenu Mpya

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na bodi yako yote, na kwamba hali ya hewa huko makao makuu inaridhisha. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni mwenye baa ndogo inayotazamana na tawi lenu la kwanza katika nchi yetu. Ukisimama kwenye mlango wenu wa vioo na kutazama ng'ambo ya barabara, utaona mlango wa bluu uliobanduka rangi, na mbele yake mtu mnene aliyekunja mikono. Ndiye mimi. Watu huniita Mzee Kizibo. Nimeuza bia pale tangu mwanangu mkubwa hajaota meno, na sasa ameanza kuyang'oa.

Mlipotangaza kwamba mnavuka mipaka na baa zenu za bei nafuu, sikutetereka. Bei naiweza. Mtu wa hapa ukimwambia bia ni rahisi, anauliza kwanza ina kasoro gani. Kilichoniangusha ni zulia. Na niseme mapema nina nini cha kupoteza, usije ukadhani naandika kwa wivu. Baa yangu ikifungwa, mimi na mke wangu tutahamia kwa huyo mwanetu mkubwa. Mkwe wangu ni mwanamke mwema sana. Ameshatutayarishia chumba karibu na mashine ya kufulia, na ameshanionyesha kiti ninachoruhusiwa kukalia na vile ambavyo ni vya wageni. Kwake hakuna kucheka kwa sauti baada ya taarifa ya habari. Ndugu Mkurugenzi, mimi ni mtu wa baa. Kule nitakufa kwa adabu.

Baada ya maelezo hayo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu unaokubalika.

1. Zulia lenyewe. Siku ya ufunguzi, mtu wa kwanza kuingia kwenu alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa huu hesabu na nusu nyingine kuogopa hesabu. Alisukuma mlango, akaona zulia jekundu lenye maua ya njano, limetandazwa ukuta hadi ukuta mpaka chini ya kaunta. Akasita. Huku kwetu zulia la namna ile hukaa sebuleni kwa mtu, na mwenye malezi halikanyagi na viatu vya barabarani. Mwalimu akainama, akavua. Waliomfuata, walipomwona Mwalimu amebaki na soksi, wakavua. Waliokuwa nyuma yao wakavua bila kujua sababu.

Sasa meneja wenu, bwana mpole mliyemtuma kutoka huko, alikuwa amesimama pale mlangoni kukaribisha watu. Alipoona kila mteja anavua viatu, akadhani huo ndio utaratibu wa baa za nchi hii. Kwa heshima akavua vyake, akawaagiza na wahudumu wote wavue. Wateja kuona hata meneja yuko pekupeku, wakanong'onezana, "Kumbe kwao ndivyo! Afadhali tulivua, tungeumbuka."

Tangu siku hiyo kila upande unavua kwa kumheshimu mwenzake. Nasikia meneja amewaandikia kwamba wateja wa huku hawawezi kukaa bila kabati la viatu, nanyi mmeagiza makabati kwa ajili ya matawi yote mtakayofungua. Naomba nikuambie ukweli, kwa kuwa inaonekana nimebaki peke yangu ninayeujua. Huku hatuvui viatu baa. Hatujawahi. Kwangu yupo mmoja aliyewahi kuvua kiatu, na alikivua ili amrushie mwenzake.

2. Adabu kupita kiasi. Mtu aliyevua viatu hawezi kugombana, Ndugu. Jaribu mwenyewe. Kinyozi wetu, ambaye akiwa kwangu husikika hadi kituo cha basi, kwenu anakaa kwenye ncha ya kiti, magoti pamoja, na kuuliza watu habari za watoto. Akiletewa bia anashukuru mara mbili. Akitaka kuondoka anazunguka meza zote: "Jamani, naomba niwaache mpumzike." Na watu wazima wanainuka kumsindikiza mlangoni!

Matokeo yake kila mmoja anakunywa moja, akisisitizwa sana mbili, na jua likizama tu wote wako makwao. Nasema hili kwa faida yenu pia. Bei yenu inamwita mtu anywe, zulia lenu linamfanya akatae kistaarabu. Kwa masikio yangu nimemsikia fundi wa mabomba, mtu mwenye mabega kama mlango, akisukuma bia pembeni na kusema, "Asanteni sana, nimeshiba."

3. Ukimya. Kampuni yenu, kama nilivyoelezwa, haipigi muziki kwenye baa zake ili kupunguza gharama. Mlifikiria gharama, hamkufikiria watu. Chukulia Fundi Cherehani na Fundi Magari. Hawa ni marafiki wa miaka na miaka, na urafiki wao wote ulifanyika chini ya spika yangu kubwa. Mmoja akisema, mwingine anatikisa kichwa na kusema, "Hapo umenena." Walipokaa kwenu wakasikiana kwa mara ya kwanza. Ikagundulika kwamba hawakubaliani juu ya jambo lolote, kuanzia mpira, siasa, hadi namna ya kulea watoto. Sasa hawasalimiani. Fundi Cherehani ndiye aliyekuwa akikaa na mimi kaunta kila jioni tukiwasengenya wanaoingia, na siku hizi, asije akamkuta mwenzake kwangu, ananipita kama nguzo ya umeme. Hilo limeniuma kuliko hasara zote.

4. Viatu kuchanganyika. Wanaume wengi wa mtaa huu huvaa viatu vyeusi, tena vya fundi mmoja. Juzi dereva wa lori alirudi nyumbani na viatu vya Mwalimu. Mkewe alimuuliza kwa upole, "Hivi ni vya nani, na vyako vimebaki kwa nani?" Alipojibu kwamba aliviacha baa kwa kuwa kule watu wanavua, hakuaminiwa, na kusema kweli hata mimi nisingemwamini. Ilibidi Mwalimu aitwe, aje na ushahidi miguuni.

5. Wake zetu. Hapa, Ndugu Mkurugenzi, naomba ukae chini kama umesimama. Wake zetu wanaipenda baa yenu. Mtaani wameipa jina, wanaiita Ukweni. Mwanamke akimwona mumewe anazubaa nyumbani anamwambia, "Si uende Ukweni kidogo? Lakini badilisha soksi." Katika maisha yangu sijawahi kuona baa ambayo mke anampeleka mumewe. Baa inayopendwa na wake zetu imeingilia mpangilio mzima wa biashara hii, kwa sababu sisi wengine tuliijenga juu ya kujificha. Mke wangu mwenyewe, ambaye ndiye mpishi wangu na mhasibu wangu, husimama dirishani akiwatazama wateja wenu walivyokaa vizuri, kisha ananigeukia na kusema, "Waone wenzenu." Anasema hivyo ndani ya baa yake!

6. Posa. Sikutaka kulitaja hili lakini sina budi. Wiki iliyopita Kinyozi aliletewa posa ya binti yake. Nyumba yake ni ndogo, kwa hiyo akawapokea wageni kwenye baa yenu, kwa maelezo kwamba pana zulia. Mimi ni jirani wa siku nyingi, nikaalikwa kama mjomba wa binti. Sikuweza kukataa. Nikavuka barabara, nikavua viatu mbele ya kabati lenu, kidole gumba kikiwa kimetokeza kwenye soksi, nikakaa katika baa ya mshindani wangu na kusifia malezi. Meneja wenu akanijia akitabasamu, akasema, "Karibu sana, mteja wetu mpendwa," maneno ambayo huwaambia wote, hata wanaotoka. Nikamjibu, "Asante, baba." Nilijichukia hadi kesho yake.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa heshima na taadhima kampuni yako ichukue hatua zifuatazo. Kwanza, zulia likunjwe na kuondolewa. Likishindikana kuondolewa lote, basi liondolewe pale mlangoni, mtu aanze kukanyaga saruji na kupata ujasiri wa kuendelea. Hilo nalo likishindikana, awekwe mlinzi wa kuwalazimisha watu wavae viatu, na asiwe mpole. Wahudumu wenu wafundishwe kuchelewa, kusahau, na kumjibu mteja vibaya anapostahili, ili naye ajisikie yuko baa. Meneja arudishwe kwenu apewe kazi inayolingana na upole wake, kama vile maktaba. Na kama haya yote yanazidi uwezo wenu, naomba kampuni itafute nchi nyingine. Dunia ni pana, na zipo nchi ambazo nasikia watu wanaingia sebuleni na viatu na hakuna anayeshtuka. Zulia lenu litapata amani huko, nami nitabaki na kaunta yangu.

Sidai fidia. Nataka nirudishiwe kelele zangu tu.

Nifikishie salamu kwa mwenyekiti wa bodi, kwa wahasibu, kwa madereva wa magari yenu ya bia, kwa mama anayepika chai hapo ofisini, na kwa wote waliosuka zulia lile, maana kazi yao ni nzuri, kosa si lao. Mke wangu anawasalimu. Mkwe wangu angewasalimu pia, lakini hajui kama naandika.

Wako katika biashara, na katika majonzi,

Mzee Kizibo
Mlango wa bluu, ng'ambo yenu

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaikunja, nangoja mke wangu atafute stempu, mlango wangu ukafunguliwa. Akaingia meneja wenu. Nyuma yake walikuwepo mpishi, mfagiaji, watu wa kaunta, mlinzi, na dada mmoja anayetunza kabati lenu la viatu. Kwa kuwa wateja wenu huwahi makwao, walikuwa wamefunga mapema, na hakuna aliyetaka kwenda kulala na kuku.

Meneja alisimama kizingitini. Akatazama sakafu yangu, akatazama miguu ya watu wawili watatu waliokuwepo, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Samahani mzee, kwa nini hapa hawavui?"

Barua ilikuwa mfukoni mwangu, Ndugu. Ilitosha nimpe aisome. Badala yake nikamwambia kwamba hii ni baa ya zamani, ina ruhusa maalumu ya viatu. Akauliza kama ruhusa hiyo inamhusu na mgeni. Nikamwambia, mgeni ndiye hasa.

Ungemwona alivyokaa! Alinyoosha miguu yote miwili mpaka katikati ya njia. Kufika chupa ya pili alikuwa anabishana na mpishi wake kuhusu chumvi, kwa lugha yetu na ya kwao kwa pamoja. Mlinzi anapiga meza. Yule dada wa kabati, ambaye kwenu sijawahi kumsikia sauti, amesimama juu ya kiti anamwambia meneja mambo ambayo inaelekea ameyaweka moyoni tangu ufunguzi. Meneja anacheka hadi anafuta macho. Nikaongeza sauti ya spika. Fundi Cherehani alisikia akiwa barabarani, akachungulia kuuliza kuna nini, na hakutoka tena. Alipofika Fundi Magari wakaketi pamoja, hawasikiani hata neno, wanatikisiana vichwa kwa upendo. Nilikwenda stoo nikajifanya natafuta kreti, kwa sababu machozi yalikuwa yananilenga.

Wamekuja tena jana na leo. Wanasema mtu hawezi kuwa mpole kutwa nzima halafu alale hivyo hivyo, ataugua. Mke wangu amempigia mkwe kumwambia kile chumba akianikie nguo.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu naomba yafutwe. Nisingeituma kabisa barua yenyewe, ila stempu imeshabandikwa na mke wangu hapendi hasara. Zulia libaki, na likichakaa mlete lingine nene zaidi. Makabati yaje. Fungueni matawi kila mtaa, na muajiri watu wengi, ikiwezekana wenye kiu. Meneja msimguse. Na akiwaandikia siku moja kuuliza kama ni kweli nina ruhusa ya viatu, mjibuni haraka kwamba mmeiona kwa macho yenu, iko huko kwenye faili.