Paja la Kuku Lililopotea Restora Pintade Dorée

Bunia, tarehe 20 Oktoba 2003

Kwa Bwana Gérant, musimamizi wa Restora Pintade Dorée

Bwana Gérant muheshimiwa,

Pokea salamu za amani, ijapokuwa mimi mwenyewe amani sina. Barua hii nakuletea kwa miguu. Mimi ni mutumishi wa posta, lakini vita imeivunja posta miguu, na jambo langu haliwezi kungoja miaka mine.

Miaka mine ndiyo ilichukua barua ya shefu wetu, Papa Laurent. Ilitoka Kinshasa mwaka 1999 kumwambia amepandishwa cheo, ikafika juma lililopita. Ndiyo maana Jumamosi, saa sita ya muchana, siye watumishi watano tulivaa makoti tukaja kula kwako, pale wanapokula wakubwa. Hapo ndipo nilipoteswa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sahani yako ni pana kama ungo, chakula chake ni cha kifaranga. Nilipewa paja moja la kuku, karoti tatu na jani. Jani nikalila. Kisha Mama Agathe, mwenzetu wa guichet, yule wa dirisha la kuuzia tembre, akaniambia lilikuwa pambo. Jamani, nani anapamba chakula kwa chakula?

2. Paja sikuligusa, kwa makusudi. Kwetu mutu hatoki karamuni akarudi mikono mitupu. Mama yangu, muzee Véronique, alikimbia vita ya Djugu mwezi wa tano akaacha kuku kumi na saba, kila kuku na jina lake. Tangu hapo anaishi kwangu Mudzipela, na nyama hataki hata kuiona. Jumamosi asubuhi, nikiwa nafunga tai, alisema mwenyewe kwamba kama kutakuwa kuku, nimuletee paja. Bwana Gérant, machozi yalinilengalenga! Kwa hiyo nilikula karoti polepole, paja nikalisogeza pembeni.

3. Mara risasi zikalia upande wa soko. Watu wa Bunia hatungoji kufundishwa: wote chini ya meza, hata Papa Laurent na cheo chake kipya. Serveur wako Fiacre, yule aliyetuletea sahani, alilala karibu yangu. Zilipotulia tukainuka, tukajipangusa, tukaendelea kula. Paja hakuna! Hata serviette yangu, kitambaa cha kupangusia midomo, imekwenda nalo.

4. Nilipomuuliza Fiacre, aliapa kwa jina la Mungu. Mwizi gani haapi? Tena midomo yake iling'aa. Yale ni mafuta, Bwana Gérant.

5. Nyumbani nilimukuta Mama amekaa mulangoni, sahani juu ya magoti. Nikamudanganya kwamba kuku walikwisha. Akasema haizuru, akaenda kuosha ile sahani, nayo ilikuwa safi. Hilo siwezi kukusamehe.

Naomba basi, kwa heshima yote: Fiacre afukuzwe leo. Paja lingine, la moto, lipelekwe Mudzipela katika gari jeupe la kivita la Umoja wa Mataifa. Na tangu sasa kila paja lipigwe muhuri wa posta kabla ya kufika mezani. Ukikataa, nitawaandikia wakubwa wa Kinshasa, nao watakushughulikia mwaka 2007.

Usalimie wapishi wote, na madame wako, na yule mulinzi wa mulangoni aliyeniita Mukubwa.

Wako mwenye uchungu,

Gaspard Ushindi
Mupanga barua, Posta

N.B. Ningeandika barua nyingine, lakini karatasi hii ndiyo ya mwisho. Paka wa jirani analia chini ya koti langu lililotundikwa ukutani tangu jana. Saa moja iliyopita muke wangu Solange amelishusha alifue, na mufukoni amekuta paja, limefungwa vizuri ndani ya serviette yako. Risasi zikilia, wengine wanashika mutoto ao Biblia. Mukono wangu ulishika paja la Mama, wala haukuniambia. Limelala siku mbili, lakini Mama amelichemsha upya na pilipili, na sasa anatafuna mufupa huku akiwataja kuku wake, jina kwa jina. Fiacre asifukuzwe, nakusihi, na umuombe radhi kwa niaba yangu. Serviette iko kwenye kamba, inakauka. Mama anauliza Papa Laurent atapandishwa tena cheo lini.