Nzi Mwenye Macho Yaliyoachana

Jumatatu, 4 Machi
Makumbusho yetu yameletewa sanduku la nzi wa maua, wale wanaojifanya nyuki. Mimi hawanidanganyi: nyuki ana mabawa manne, nzi mawili. Mkuu amesema atakayewatambua vizuri kufikia Ijumaa ndiye msimamizi mpya wa chumba cha wadudu. Miaka kumi na moja nakitamani cheo hicho. Tuko wawili tu, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Leo Miwani amenisalimia mara mbili. Mtu hasalimii mara mbili bure.

Jumanne, 5 Machi
Nimempata! Nzi wote wa aina hii kwenye droo zetu, macho yamegusana utosini. Wangu yameachana. Spishi mpya, na itaitwa kwa jina langu. Nimemwambia mke wangu peke yake. Akasema hongera Baba Watoto, takataka bado ziko mlangoni.

Mchana Miwani akaniuliza macho yangu yanaendeleaje. Nani kamwambia habari za macho? Kwa usalama nimebadilisha lebo mbili kwenye droo yake.

Jumatano, 6 Machi
Nzi wangu amepungukiwa mguu. Wa nyuma, mnene, wenye manyoya, ule ule wa kumtambulisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeinamia ndoo ya taka ya Miwani alipoingia. Nikasema natafuta kalamu. Akanipa yake. Mjanja kweli, hakuuliza hata swali moja.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu ameukuta mguu kwenye mkono wa shati langu, umeganda kwa gundi yangu mwenyewe. Miwani ameupachika lini? Nimeurudisha kwa nzi.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu alichungulia kwenye hadubini, akachungulia tena. Akasema macho yakigusana ni dume, yakiachana ni jike. Kwamba huyu ni mke wa yule wa droo ya tatu, na wanajulikana tangu babu yangu hajazaliwa. Mguu nao nimeubandika kinyume. Kisha akauliza nani kachezea lebo za Miwani, huku akiutazama mwandiko wangu.

Cheo kapewa Miwani. Nilitamani ardhi inimeze. Miwani akanishika bega, akasema ameomba nibaki naye, maana chumba hiki nakijua kuliko mtu yeyote. Wema huo una jambo.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari. Kosa langu nimeliona: nilimwambia mke wangu.

Leo dirishani nimeokota nzi mwenye bawa moja tu. Hakuna kitabu kinachomtaja. Safari hii simwambii mtu.