Chad Haina Barabara ya Kuingilia

Jumatatu, 6 Oktoba

Mimi Hiram wa Bahati, miaka themanini na mmoja. Mzungu wa shamba hili alienda, nikabaki. Trekta yake ikaoza, nikabaki. Kamati iliyotugawia ploti imezikwa yote, nimebaki mimi. Daktari aliyenikataza chumvi amezikwa pia. Mke wangu Njoki naye alitangulia. Hapo sitaandika mengi.

Kuandika nilijifunza gumbaru, darasa la wazee, nikawa namba moja. Tulikuwa wachache. Namba moja ni namba moja.

Njoki wa sasa ni mtoto wa kijana wangu Jeff. Alipewa jina la mke wangu, kwa hivyo ni mke wangu. Ndivyo kwetu. Ana miaka kumi na ananigombeza sawasawa na yule wa kwanza.

Yeye haendi shule. Mama yake, Wariara, anamfundisha hapa nyumbani, kwa meza ya jikoni. Anatoa kurasa kwa mtandao, anazichapisha. Kila nchi ukurasa wake. Katikati ramani tupu, mistari peke yake. Pembeni kisanduku cha kuchora bendera. Chini mistari ya kuandika: wanakula nini, mto gani, mnyama gani. Mwisho kabisa kumeandikwa: Kama ningekwenda huko. Halafu mstari mtupu. Huo mstari mtupu nimeutazama sana. Zilizoharibika napewa mimi, nyuma yake ndio naandika haya.

Leo Jeff amepiga simu kutoka Kamere, anakofanya kazi ya maua. Anasema masomo ya jikoni ni mchezo. Jumamosi anakuja. Mwalimu Eucabeth, jirani yetu aliyestaafu, atampima mtoto jiografia. Akishindwa, Januari ni shule ya bweni, Molo.

Molo! Baridi ile. Na mimi nibaki na nani? Na kuku?

Nimemwambia Wariara jiografia aniachie. Akasema, kwa heshima, Baba, wewe hujapita Gilgil. Uongo mtupu. Nilifika Eldama Ravine mwaka ule nilipofuata ng'ombe.

Jumanne, 7 Oktoba

Somo la kwanza. Tulikaa nje, kando ya turubai la kuanikia mahindi, ili nifundishe huku nikifukuza kuku. Ukungu ulikuwa bado upande wa Menengai. Mahindi yananukia jua la jana.

Njoki akatandika ramani ya Afrika. Nikaiangalia muda. Nikaona kosa mara moja. Kuna ploti pale katikati, kubwa, nzuri, haigusi popote. Nikauliza ni ya nani. Akasema ni Chad. Nikauliza mwenyewe anaingilia wapi. Akasema hawana bahari, Guka, ndivyo ilivyo. Guka ni babu kwa lugha yetu.

Ndivyo ilivyo! Mimi nilikuwa kwa kamati. Tulipogawa shamba la mzungu hakuna mtu aliyeokota kura ya ploti isiyo na barabara. Kila mtu alipewa njia ya kupitisha mkokoteni, hata yule mlevi wa kule juu. Sheria ya kwanza hiyo, kabla ya josho, kabla ya kanisa. Hawa wa Afrika waligawiwa na nani? Savea, yule mpima mashamba, alikuwa amekunywa?

Nikachukua penseli, nikaipa Chad njia ndogo ya kupitia Kamerun. Ya mkokoteni tu. Mke wangu akachukua raba akaifuta. Nikachora. Akafuta. Akasema nikirudia nitakunywa chai bila sukari. Huyo ni Njoki yule yule.

Nikasinzia kwa gunia. Nikajiona natembea Niger na cheni ya savea begani. Mchanga laini kama unga uliotoka mashineni sasa hivi. Njoki wa kwanza alikuwa mbele, ameketi na kiondo chake, anapanga mawe ya mpaka kama anachagua viazi vya mbegu. Akauliza mbona nimechelewa. Nikamwambia dunia imekuwa kubwa. Akauliza ndiyo sababu nimekuja bila kofia?

Nilipoamka kuku walikuwa ndani ya mahindi mpaka shingo.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwalimu Eucabeth amekuja na mpira wa dunia. Umesimama kwa mguu wa chuma, unazunguka. Ameuleta ati utusaidie. Mimi namjua. Ameuleta kutuonyesha anao.

Nikamuuliza kwa upole savea atapimaje mpira, cheni si itateleza? Akasema dunia ni mviringo, mzee Hiram, hilo lilimalizwa zamani. Nikamwambia sijakataa. Lakini kitu cha kugawa hutandikwa. Hata keki ya arusi hukatwa ikiwa imeketi. Akacheka kwa pua.

Akaniachia mpira mpaka jioni. Nikauweka kando ya turubai. Kazi yake niligundua mimi: ukiuzungusha, kuku wanakimbia. Nikauzungusha. Jua likapiga bahari zote, buluu, kijani, buluu, kijani. Sijawahi kuona bahari. Nilisikia sauti yake hata hivyo, ni kama upepo ndani ya mahindi kabla ya kuvunwa, ila haukatiki. Nikafunga macho nisikie vizuri.

Ndama akalamba Australia.

Alilamba yote, na kipande cha Uchina. Inaonekana gundi ina utamu. Jioni Eucabeth alirudi. Alibeba mpira kwa kwapa, upande ule mweupe ukitazama nje, watu wote wa njia waone. Alipofika langoni akageuka akaniambia Jumamosi hatanionea huruma.

 Tangu hapo Wariara anasonga ugali kwa nguvu sana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango mpya. Nimeenda saiba ya senta, duka la kompyuta na kuchapisha. Kijana akaniambia sema boss. Nikamwambia nataka Afrika isiyo na mistari. Akauliza, mzee, hiyo ya lini? Nikamwambia ya kesho. Akanipa bunda zima.

Mchana wote nimegawa. Kazi safi, najisifu. Uganda nimeipa njia ya bahari, nyembamba, kando ya reli, Kenya haitasikia uchungu. Ethiopia nimewarudishia pwani yao ya zamani. Zambia na jirani zake wameshikana mikono mpaka majini. Kongo ilikuwa imejinyakulia sana, nikaikata kona, walalamike kwa kamati. Sahara nimeiacha ya wote: josho, shule, makaburi, na kiwanja cha mpira.

Kila ploti inagusa maji. Niliiinua Afrika juani nikaiona imepumua. Watu wa Chad wakiteremka na mbuzi zao, pole pole, mpaka kwa mawimbi, wanavua viatu. Hakuna anayewauliza mnapita kwa nani.

Jumamosi Eucabeth akiona hii atavua miwani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi nilitoa kurasa za Njoki kwa faili, nikaweka zangu. Mke wangu alifungua faili baada ya uji. Akaniangalia kama siku ile yule wa kwanza alipata nimeuza ng'ombe mwenye maziwa.

Hakulia. Aliketi na raba. Nchi baada ya nchi, anafuta njia zangu, anarudisha mpaka wa kweli, anaandika jina. Nikamwambia unabomoa kazi ya kamati. Akasema, Guka, Burundi haijawahi kwenda baharini, wacha kuidanganya. Nikabishana naye kwa kila ploti. Mali, tulibishana. Niger, tulibishana. Chad alifuta mpaka karatasi ikatoboka, akachukua nyingine akaanza tena bila kuangalia kitabu.

Kichwa ngumu. Sijui ametoa wapi.

Ameshinda hapo siku nzima. Mimi nikachunga kuku peke yangu. Waliniona niko peke yangu. Walikula.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jeff alifika na mkate. Akanisalimia, akaangalia mahindi, akauliza ni panya? Nikapokea mkate.

Tukaketi wote jikoni. Eucabeth amevaa miwani na koti la kanisa. Nikaona Wariara anakunja leso na kuikunjua. Nilikuwa sijafikiria juu yake. Yeye ndiye ameacha kazi ya mjini afundishe huyu mtoto. Kama ni Molo, ni yeye ameshindwa mbele ya watu.

Eucabeth akampa Afrika tupu. Akasema jaza. Akakunja mikono.

Njoki akajaza. Hakuinua kichwa. Penseli ilitembea kama mtu anayerudi nyumbani. Eucabeth akaona bado, akauliza nchi zisizo na bahari. Mtoto akazitaja zote, na jirani za kila moja, kulia na kushoto, na njia gani Guka alikuwa amejaribu kupitisha na kwa nini haiwezekani. Eucabeth alivua miwani. Akaifuta. Akairudisha.

Jeff akamuuliza nani amemfundisha yote hayo.

"Mum alinipa kurasa," Njoki akasema. "Halafu Guka akakosea zote. Ilibidi mtu ajue za kweli."

Wariara akaanza kucheka, halafu ikawa si kucheka tena, akageukia sufuria.

Jeff alikuwa ameshika ukurasa wa Chad, mmoja wa zile nilizotoa kwa faili. Akasoma ule mstari wa mwisho. Akasoma tena, safari hii kwa sauti: "Kama ningekwenda huko, ningerudi jioni, kwa sababu Guka hawezi kuchunga kuku peke yake."

 Nikasikia kuku nje. Sikuenda.

Jeff akaweka ukurasa mezani, akaunyoosha kwa kiganja. Akamwambia Wariara, "Mama Njoki, wacha abaki." Halafu kwangu: "Na wewe, Baba, penseli weka chini."

Nikaiweka chini. Ya hapo mezani.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani niliwaeleza watu wote jinsi nilivyomfundisha. Njia yangu ni mpya: mwalimu anasimama mahali pabaya, mtoto anamzunguka. Nikaombwa niketi, mahubiri yameanza.

Mchana nikalala kidogo juani. Chad walikuwa wamefika majini. Njoki wa kwanza alikuwa kati yao, amekunja sketi, anajaribu baridi ya bahari kwa kidole cha mguu. Hakuniita. Alinipungia tu, kama mtu anayejua nitakuja bila kuitwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekubali kosa langu. Afrika ilikuwa imeshagawiwa, watu wameshajenga, kamati haigawi ploti iliyo na nyumba. Nilianzia pasipofaa.

Leo Wariara ametoa kurasa za jua na sayari. Amenionya kwa jicho. Mke wangu ameficha penseli zote ndani ya sidiria ya mama yake. Lakini makaa yapo jikoni.

Nimetazama ule ukurasa tangu chai. Duara nyingi, giza katikati, hakuna bikoni, jiwe la mpaka, hata moja, hakuna aliyejenga. Shamba lote liko wazi. Kuna mmoja anaitwa Zohali amejizungushia ua peke yake. Nani alimruhusu? Na yule mdogo wa mwisho kabisa, mbali na jua, baridi kama Kuresoi, hana hata njia ya mkokoteni.

Nimeanza naye. Mstari mdogo tu.

Anayesema nimeongeza chumvi kwa haya amuulize Eucabeth, ana ushahidi mweupe kwa mpira wake. Akikataa, amuulize ndama. Na kwa yale mengine yote aje kwa mke wangu Njoki, ndiye huyu hapa amesimama nyuma yangu na raba.