Mpigaji Anasubiri Mwanga

Siku dada yake alipomrushia begi nje na kumwambia akatafute pa kulala kama wanaume wenzake, Mtaalamu hakununa. Alisimama barabarani akasoma tangazo kwenye nguzo: chumba kimoja, choo ndani, anatafutwa mpiga picha ili kitangazwe mtandaoni kwa wageni wa siku chache.

Kitanda kitupu, akawaza, na mwenyewe anatafuta mtu!

Kamera alikuwa nayo. Ilikuwa nzima kabisa kwa nje. Ndani ilikufa kitambo, naye si mtu wa kusumbua marehemu.

Mwenye chumba alikuwa mama mjane, sauti laini, hata Mtaalamu akamhurumia mapema. Chumba chenyewe, ukitaka kufungua kabati sharti kwanza ukae kitandani.

"Mama," alisema, akikipima kwa vidole kama fundi cherehani, "hiki kikipigwa harakaharaka kitaonekana sanduku. Mimi husubiri mwanga. Wa alfajiri, wa mchana, wa jioni. Kila mmoja na tabia yake."

"Sasa utausubiria wapi, mwanangu?"

"Humuhumu. Nitajinyima tu."

Akajinyima juu ya godoro jipya. Asubuhi mama akaja na ndoo.

"Mwanga umekuja?"

"Umechungulia, ukarudi."

"Basi ni huu ukuta unaoufukuza. Wewe si mpigaji? Kabla ya picha, piga rangi kidogo."

Anayelala bure lazima aonekane ana bidii. Mtaalamu akapiga rangi. Kesho yake mama akalaumu sakafu, Mtaalamu akapiga deki. Yakalaumiwa mapazia, akayapiga pasi. Kabati likayumba, akalipiga misumari. Alipiga kila kinachopigika isipokuwa picha, na kila jioni alijitupa kitandani hoi, mgongo unamlilia, akijipongeza kwa jinsi anavyomtapeli mama wa watu. Sijaona mjanja aliyetoka jasho namna ile ili tu asifanye kazi.

Chumba kikapendeza hadi akaanza kukiita chake. Ndipo mama alipomtuma sabuni dukani. Kurudi, akakuta mume na mke wenye masanduku wanasifia kuta, na begi lake limewekwa vizuri mlangoni.

"Mama! Na picha je?"

"Nilipiga mwenyewe kwa simu, ulipokuwa unasugua choo. Zimependwa kweli."

"Mimi msanii, mama! Na kamera yangu?"

"Niliifungua siku ileile uliyofika, niipanguse vumbi. Mahali pa betri umeweka sindano na uzi." Mama akacheka mpaka akashika ukuta. "Marehemu mume wangu naye alikuwa mpigaji, mwanangu, ila yeye alikuwa akipiga anatoroka. Wewe unapiga, halafu unakarabati!"

Mgeni akauliza, "Huyu nani?"

"Fundi wangu."

Mtaalamu akamkabidhi sabuni yake. Akabeba begi. Mama akamsindikiza hadi kwenye ngazi.

"Mdogo wangu ana chumba mtaa wa pili. Paa linavuja. Naye anatafuta mpiga picha."

Mtaalamu akashuka kwa hasira za mtu mwenye heshima yake. Katikati ya ngazi akasimama, akaiuliza heshima hiyo italala wapi leo. Akapanda tena, akabisha hodi kwa adabu.

"Samahani, mama. Ngazi ya kupandia paani anayo, au nitafute?"