Kura ya Kamera Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wewe uliyefungua daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama mkono umeshakuzidi nguvu, basi soma kimyakimya, usimwambie mtu neno hata moja, na tukikutana njiani usitabasamu. Nitajua.

Kamera mpya imefika leo saa nne. Ofisi nzima ilisimama kuitazama isipokuwa mimi, niliyejifanya natafuta faili.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni karani wa masjala. Napokea barua, nazipa namba, naziweka kwenye majalada. Juu ya hayo, kwa miaka mitatu nimekuwa nikipiga picha za vitambulisho kwa kamera ya ofisi, ile ya zamani. Chumba cha picha kiko mwisho wa korido. Kina dirisha, pazia, kiti kimoja, na mlango unaofungwa kwa ndani. Mlango huo ndio afya yangu.

Kamera mpya imekuja na mtu wake. Ni wa idara ya ugavi, amerudi juzi kutoka mafunzo ya wiki mbili, na tayari anaitwa Mtaalamu. Jina hilo hakupewa na mtu. Alianza kujiita mwenyewe, sisi tukachoka kukataa.

Mkuu wa ofisi, mama wa makamo asiyepoteza maneno, ametangaza kwamba chumba ni kimoja na mpiga picha atakuwa mmoja. Kamera zote mbili zitawapiga picha watu walewale, na Ijumaa wafanyakazi wote kumi tutapiga kura. Atakayeshinda atabaki na chumba. Atakayeshindwa atakwenda dirisha la malalamiko, lililo tupu tangu aliyekuwa pale aombe uhamisho huku akilia.

Niliwahi kushika dirisha hilo kwa saa moja. Mtu aligonga kioo kwa funguo, nikamwomba radhi kabla hajataja shida yake.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Masjala imenifundisha kusoma jalada kabla ya kuligombania. Nimemwomba Mtaalamu anishikishe kamera yake, nikazilinganisha bila upendeleo.

Ya zamani. Umri, miaka kumi na miwili. Ilitengenezwa kwa ajili ya wanaoanza kujifunza. Megapikseli sita. Kioo cha nyuma kinatoshana na stempu. Kifuniko cha betri nimekifunga kwa mpira. Inapomtafuta mtu hukoroma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena, kama mzee aliyesahau alichofuata chumbani. Wingu likipita, picha inajaa chengachenga.

Mpya. Megapikseli arobaini na tano. Uzito, tofali. Ina kadi mbili za kumbukumbu, ili moja ikifa nyingine iendelee na msiba. Inalikamata jicho la mtu na hailiachii hata akigeuka. Picha ishirini kwa sekunde moja. Kwenye kioo chake nilihesabu kope za Mtaalamu. Kushoto amepungukiwa.

Hukumu ya haki: nimekwisha.

Kwa hiyo mchana niliificha betri yake ndani ya jalada lililoandikwa "Mengineyo". Mtaalamu akachomoa nyingine mfukoni, akasema mtaalamu hatembei na betri moja. Nikalazimika kujifanya nimeiokota ile niliyoificha. Alinishukuru mbele ya Mkuu, na Mkuu akasema kijana huyu ana moyo safi. Nilitazama sakafu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya kupiga picha. Kila mtu mara mbili, kwangu kisha kwake, kiti kilekile.

Nimegundua jambo. Kamera yangu inapopiga hutoa mlio kama kufuli kuukuu, na mtu akiusikia anashusha pumzi, anacheka kidogo. Ya Mtaalamu haina sauti kabisa. Watu wanaketi wamebana pumzi wakingoja ipige, kumbe imeshawapiga mara sitini. Dada wa mapokezi alikaa amekaza shingo hadi macho yakamtoka, kisha akamuuliza Mtaalamu kama na yeye anasubiri kibali kutoka makao makuu. Mtaalamu akamjibu kwamba kazi ilikwisha zamani. Dada akasema, "Kaka, basi ungeniaga."

Nilifurahi kwa dakika kumi. Halafu picha zikatoka kwenye printa.

Zake zimetulia. Zinang'aa. Unaona uzi wa kola, unaona mtu alivyonyoa kwa haraka. Zangu ni laini, zina ukungu mwepesi, kama watu wamepigwa picha kupitia chandarua.

Jioni nikampelekea shangazi picha zangu mwenyewe, kutoka kamera zote mbili. Naishi kwake, na jicho lake halina huruma. Nikamwambia achague. Akavaa miwani. Hakuchukua muda. Alisema ile ya kamera mpya ndiyo mimi hasa, mpaka kovu la tetekuwanga lipo. Ile nyingine, akasema, nimetoka kama andazi ambalo halijaiva. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akaniambia, "Mwanangu, umeniuliza ili nikujibu au nikubembeleze?"

Basi. Kama shangazi anayenipenda amesema hivyo, ofisi je?

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimefanya kosa la jinai. Pengine si la jinai. Nimetafuta kwenye kanuni za utumishi, sikuliona, na hilo limenitisha zaidi.

Ilikuwa hivi. Mkuu alibandika picha zangu kwenye ubao mmoja na za Mtaalamu kwenye ubao wa pili, chumba cha mikutano, bila majina. Ubao wangu akaupachika kadi yenye herufi A, wa mwenzangu herufi B, kwa pini. Kisha akaandika kwenye karatasi A ni kamera ipi na B ni ipi, akaitia kwenye bahasha, akaifunga, akaigonga muhuri. Sasa, katika ofisi yetu bahasha yoyote iliyofungwa hairuhusiwi kulala popote isipokuwa masjala. Kwa hiyo Mkuu, kwa kufuata utaratibu, akaileta kwangu. Nikaipa namba. Nikatia sahihi kwamba nimepokea siri ya mashindano ninayoshiriki.

Funguo za chumba cha mikutano nazo hutunzwa masjala.

Bahasha sikuigusa. Mimi si mhuni. Saa kumi na nusu, wenzangu walipoondoka, niliingia chumba cha mikutano, nikachomoa kadi mbili na kuzibadilisha. Sasa picha za kamera mpya zina A. Watu watazipenda, watapigia A, Mkuu atafungua bahasha, na bahasha itasema A ni kamera ya zamani.

Mpango hauna tundu. Nimeukagua mara nne.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Saa tatu. Wafanyakazi kumi, karatasi kumi, kopo moja la biskuti kuwa sanduku la kura. Mkuu alitazama mbao zile kidogo, akasema hata yeye amesahau ipi ni ipi, ndiyo maana aliandika. Moyo wangu ukarudi mahali pake.

Nilikaa nyuma nikiwatazama wanapita. Hapo nikaona kitu kisichokuwa kwenye mpango. Hakuna aliyezitazama picha zote. Kila mtu alikwenda moja kwa moja kwenye sura yake mwenyewe, ubao wa kwanza, ubao wa pili, kisha akarudi kwenye ule wenye ukungu na kutabasamu kama aliyeonana na ndugu. Dada wa mapokezi alisogea kwenye ubao wangu, sasa wenye kadi ya B, akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa kweli kamera imemwona. Mkuu mwenyewe alisimama pale muda mrefu. Kwangu alikuwa na mashavu na hana kunyanzi hata moja. Kwa Mtaalamu alikuwa na umri wake.

Nilitaka kupiga kelele. Nikakohoa.

Kura: B tisa. A moja.

Mkuu akapasua bahasha, akasoma: B ni kamera mpya. Watu wakapiga makofi. Mtaalamu hakupiga makofi. Alikuwa ameduwaa, nikadhani ni furaha.

Ile kura moja ya A ilikuwa yangu. Mkuu alilijua hilo, kila mtu alilijua, kwani nani mwingine angeipigia kamera ya zamani? Alisema mbele ya wote kwamba amevutiwa na mtu anayesimama na kamera yake kuukuu hadi mwisho, hata akibaki peke yake. Dada wa mapokezi alinipa biskuti iliyosalia kwenye kopo.

Nimeshinda kwa haki, nikajiibia ushindi kwa mikono yangu. Jumatatu naanza dirisha la malalamiko. Shangazi aliniuliza mbona sili. Nilimwambia nimekula biskuti.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Dirisha la malalamiko, siku ya kwanza. Nilifika mapema nikasafisha kioo. Kisha nikajuta, kwa kuwa sasa nilionekana vizuri zaidi.

Hadi saa tano hakuja mtu. Saa tano na dakika mbili kioo kiligongwa, nikaomba radhi. Alikuwa dada wa mapokezi. Alisukuma kitambulisho kipya chini ya kioo, kilichopigwa asubuhi ileile na Mtaalamu, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba ni yeye. Akasema yeye anajijua, na siyo huyu mwenye vishimo kwenye ngozi ya pua. Yeye alichagua picha nyingine kabisa Ijumaa, ameibiwa.

Nikaandika kwenye kitabu: "Mlalamikaji haridhiki na pua."

Kisha wakaja wengine. Mhasibu hakujua kumbe ana mvi kwenye nyusi. Dereva amesema akisimamishwa njiani na kitambulisho kile hatafika. Hadi saa tisa nilikuwa na malalamiko saba, yote ya ndani ya ofisi, na niseme kweli, sikuogopa hata moja. Watu wenye aibu hawagongi kwa funguo.

Saa tisa na nusu alikuja wa nane. Hakupanga foleni, alipitia mlango wa nyuma, akaketi kwenye kiti changu, akaweka kitambulisho chake mezani kifudifudi. Mkuu.

Alisema Ijumaa kamera ile ilikuwa nzima, yeye aliona kwa macho yake. Bila shaka Mtaalamu ameichokonoa mwisho wa wiki ikaharibika. Nilifungua kinywa kukiri. Naapa nilikifungua. Akaniambia, "Kijana, usimtetee. Najua una moyo safi. Kesho rudi chumba cha picha na ile kamera yako, kwa muda."

Katika ofisi yetu "kwa muda" ni miaka kumi na miwili. Iulize kamera yangu, nayo ililetwa kwa muda.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Niko chumbani. Mlango umefungwa. Nimepiga picha nane, watu wanane wameondoka wakicheka. Kamera imekoroma vizuri.

Saa nane Mtaalamu aliingia, akageuza ufunguo, akasimama ameegemea mlango. Niliona kifo. Akasema anajua. Alijua tangu Ijumaa, kwa kuwa mpiga picha anazijua picha zake hata usingizini: kadi za mbao zile zilikuwa zimebadilishana mahali.

Kiti ni kimoja. Nilikikalia.

Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba ni wazi Mkuu alikosea alipokuwa anazipachika, na nani angethubutu kumwambia? Tena yeye hana mdomo wa kusema, kwani siku ile alisimama mbele ya sura yake mwenyewe, akaziona kope zake za kushoto, na akaupigia kura ubao wangu. Aliipigia kamera yake kura ya kuikataa. Kisha ikashinda. Hajalala vizuri tangu hapo.

Akanisihi nisimwambie mtu. Nikamwambia siri yake iko salama masjala.

Halafu nikampiga picha. Alitoka mzuri sana. Tulinywa chai, naye akanionyesha alichokifanya kwa kamera mpya tangu Mkuu alipomhamishia ghala la nyaraka asubuhi ile: barua zilizofifia, za kabla hatujazaliwa, zinasomeka hadi alama ya kalamu ilipokwaruza. Anafurahi kuliko alivyofurahi chumbani. Karatasi, alisema, haina haja ya kupendeza. Kweli kabisa.

Ningeweza kumwambia habari za pini. Chai ilikuwa nzuri, sikutaka kuiharibu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Makao makuu wameandika. Barua nimeipokea mimi, nimeipa namba, nimeisoma nimesimama. Wanataka picha ya Mkuu itakayotundikwa ukutani, ukubwa wa nusu mlango, na lazima ipigwe kwa kamera mpya, kwa sababu ya zamani ikikuzwa hivyo itabaki chenga tupu. Mkuu amesema nipige mimi, kesho saa nne. Amesema ananiamini. Amesema pia, akichezea miwani yake, kwamba anatumaini atatoka kama alivyotoka siku ile ya kura.

Mtaalamu amenikabidhi kamera yake kwa mikono miwili. Alinieleza kwamba inao mpangilio wa kulainisha sura, uko kwenye kitabu cha maelekezo, ni suala la kubonyeza mara tatu tu, na kama sielewi atakuja anielekeze bila mtu kujua. Nilimshukuru. Sikumsikiliza hadi mwisho, nilikuwa nautazama ule mduara mkubwa wa lenzi na wazo lilikuwa linanijia.

Wiki hizi mbili zimenifundisha jambo moja: mambo makubwa hayaachwi yaende yenyewe. Lazima mtu ayasaidie. Shangazi ana mafuta yake ya nywele, mazito, ya kwenye kopo la bluu. Nimechota kidogo kwa kidole nikayatia kwenye kifuniko cha kalamu. Tone moja katikati ya lenzi, nalisambaza kwa kitambaa, na Mkuu atatoka laini kama zamani. Mpango hauna tundu. Nimeukagua mara nne.

Nimelala kidogo baada ya kazi, nimeamka na furaha.

Ukitaka kunipata baada ya kesho, usipige simu ofisini, inapokelewa na dada wa mapokezi naye huuliza maswali. Njoo mwenyewe, saa nne na nusu wakati wa chai. Anzia mwisho wa korido, mlango wa kulia, ugonge mara mbili taratibu na utaje jina lako. Pakiwa kimya, nenda dirisha la malalamiko. Hapo usigonge kabisa. Simama tu mahali nitakapokuona.