Vifaranga wa Sebuleni, Nkende

Jumatatu, 3 Machi

Wamefika! Wamesafiri kwa basi kutoka Mwanza ndani ya boksi lenye matundu, na wote wazima. Wa manjano. Laini. Kelele kama kwaya ya watoto iliyokosa mwalimu.

Bruda, yaani nyumba ya joto ya vifaranga, nimeitengeneza mwenyewe: hadibodi nimeizungusha duara, maranda chini, taa kubwa juu. Iko sebuleni kwa sababu soketi nzima ni ya sebuleni. Philomena, mke wangu, akauliza wageni watakaa wapi. Nikamwambia watasimama na kuangalia maendeleo. Hakucheka. Akasema amevumilia sungura, amevumilia uyoga, na hawa ndio wa mwisho. Wakifa, nahamia Mugumu kwa kaka yake Emanueli, kubeba saruji dukani kwake.

Emanueli! Yule anayeniita "Mwekezaji" mbele za watu.

Jirani yangu Orwa alichungulia dirishani. Akasema bruda yangu ni kama beseni la kuogea. Wivu mtupu. Kuku wake wanalala juu ya mti kama kunguru.

Jumanne, 4 Machi

Umeme hakuna tangu asubuhi. Mvua. Baridi ya Tarime haina huruma na watoto. Vifaranga wamelundikana upande mmoja, wanapandana, wa chini wanabanwa.

Nikaweka mkaa kwenye chungu. Kichwa kikaanza kuniuma. Nikafungua dirisha, joto likatoka lote. Nikafunika bruda kwa blanketi letu la kitandani. Philomena aliporudi kutoka saluni kwake alilitafuta blanketi, akalipata kwa kufuata harufu.

Wawili wamekufa. Nimewazika nyuma ya choo na kuwaombea kwa ufupi. Machozi yalinitoka. Nadhani ni ule mkaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata akili! Kwa nini nihangaike na mkaa wakati Mungu alishatengeneza jiko lenye manyoya?

Orwa ana tetea mweusi anayeatamia kiota kitupu. Mayai yake yaliliwa na kenge. Yeye anatafuta watoto, mimi nina watoto. Orwa kaenda Sirari kwa shemeji zake, Dorka mkewe yuko sokoni. Basi nikamwazima. Nasema kuazima, maana nilikuwa na nia ya kumrudisha. Nilimbeba ndani ya koti, akanidonoa mpaka tumboni.

Lakini ajabu! Nilipomwingizia vifaranga mmoja mmoja, akajitanua, akanguruma kidogo kama bibi anayebembeleza, akawafunika. Nikabaki naona vichwa tu vikichungulia kwenye manyoya. Nikazima mkaa. Nikaondoa hadibodi. Nikaacha mlango wazi wapate hewa, nikaenda jikoni kujipongeza kwa chai.

Niliporudi, sebule tupu.

Tetea amerudi kwao. Kapita chini ya uzio, watoto wangu nyuma yake kwa mstari kama wanafunzi. Na Orwa karudi mapema, kakaa kwenye kigoda, anawaangalia huku mdomo wazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Orwa kudai mali yangu. Kabla sijafungua mdomo, akaniita omera, ndugu kwa Kijaluo, akasema ameacha kuku asiye na yai, amekuta mama wa familia. Baraka! Akauliza kama nimeona chochote.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikisema ni wangu, lazima niseme kuku alifikaje kwangu. Nikasema ni wazuri. Akauliza mbona wa manjano namna ile. Nikasema labda kuna jogoo wa Kenya kapita.

Kwa nini nilisema vile? Mpaka jioni mtaa mzima unamsifu jogoo ambaye hayupo.

Philomena kauliza vifaranga wako wapi. Nikamjibu wako kwenye mafunzo ya vitendo. Amechukua begi langu na kuanza kulipanga. Soksi za kwenda Mugumu zimekuwa za kwanza.

Jumamosi, 8 Machi

Mchana mvua imepiga vibaya sana. Nilikuwa kwenye uzio, nawachungulia wanangu. Tetea alijitanua mpaka mwisho, lakini ni mmoja na wao ni wengi. Waliobaki nje walikuwa kwenye tope, wanalia, na maji yanapanda.

Sikukumbuka aibu yoyote. Niliruka uzio, suruali ikachanika, nikaanza kuwazoa ndani ya shati. Orwa akatoka mbio na beseni. Nikajua leo napigwa. Kumbe naye anawazoa. Dorka akaja na kanga, akamchukua tetea mwenyewe. Tukakimbilia kwangu, maana umeme ulikuwa umerudi.

Philomena alitazama mara moja tu. Akawasha taa, akasimamisha hadibodi, akawafuta mmoja mmoja kwa taulo lake zuri. Mmoja alikuwa amelegea kama kitambaa. Nikasema huyu basi. Philomena akamtia kifuani, ndani ya sweta, akaenda kusonga ugali.

Ugali haujaiva, tukasikia kutoka kwenye sweta: piu.

Orwa alikuwa anajifuta macho waziwazi.

Nikaanza kueleza habari ya tetea. Dorka akanikatiza. Alikuwa ameniona Alhamisi, akitoka sokoni: mkia wa kuku unaning'inia nje ya koti langu. Orwa alijua tangu siku ile ile. Alikuwa anasubiri aone nitafika wapi, na kwa jogoo wa Kenya nusura afe kwa kicheko.

Tumekubaliana kuwalea pamoja. Taa kwangu, tetea wake. Begi Philomena amelipangua mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Wameanza kuota manyoya ya mabawa! Chanjo ya ugonjwa wa kideri wamekunywa kwenye maji bila ubishi. Yule wa kwenye sweta ndiye mkorofi kuliko wote. Kanisani nimemsikia Philomena akiwaambia wanawake habari za "vifaranga wetu". Wetu!

Baada ya ibada nimezungumza na Mzee Waisiko, mgeni kutoka Mugumu. Nilimpa shikamoo, akanipa wazo. Ana bata mzinga, wakubwa, anawatafutia makao. Hawataki taa wala bruda. Nikauliza kama ni wapole. Akanionyesha kovu mkononi, akasema wanazoeleka.

Wanafika Jumatano. Philomena sijamwambia, nisije nikamharibia furaha. Orwa naye sijamwambia, ingawa watalala kwake.