Nilivyomwita Komba kwa Kipaza Sauti

Jamani, leo nimeaibika. Tena nimejiaibisha mwenyewe, kwa kipaza sauti.

Mnajua mimi ni mhasibu wa kampuni ya wahandisi, tupo saiti ya shaba huku mlimani, nje ya Songea. Nina wiki tatu tu tangu nitoke Tanga. Jana napitia orodha ya vibarua, nikakuta Yohana Komba yupo mara mbili. Jina lile lile! Nikasema, mfanyakazi hewa huyu, nimemnasa. (Nilishajiona na cheo kipya.) Nikamkata mmoja kwa kalamu nyekundu. Sikuuliza mtu.

Leo asubuhi kikao cha usalama, watu wote wamejipanga na helmeti zao, bosi yupo. Nikaomba kipaza sauti.

"Yohana Komba, pita mbele!"

Akatoka fundi wa mashine ya kuchoronga miamba.

"Safi. Na Yohana Komba wa pili, huyu mfanyakazi hewa niliyemkata kwenye orodha, kama kweli yupo, naye ajitokeze!"

Watu wakaanza kutazamana. Mimi nikadhani wameumbuka, nikarudia kwa nguvu zaidi.

Sauti ikatoka kule getini. "Nipo, mwanangu. Nakuja. Siwezi kwenda haraka."

Mzee wa watu anateremka kwenye gari letu, mkono una plasta hadi kwenye kiwiko. Anatoka hospitali Peramiho. Hapo ndipo nilipokumbuka. Bomba lilimwangukia Jumatatu, hapa hapa saiti. Na fomu ya kumpeleka hospitali niliisaini mimi! Kwa mkono wangu huu!

"Shikamoo, mzee," nikasema. (Kipaza sauti bado kipo mdomoni. Mlima mzima umesikia.)

"Marahaba. Naambiwa mimi ni hewa?"

Saiti nzima ikaangua kicheko. Bosi hakucheka. "Mrudishe kwenye orodha sasa hivi, na umwombe radhi kwa hicho hicho kipaza sauti."

Nikaomba. Sauti ilinitetemeka kama ya mtoto wa komunyo ya kwanza. Mzee akanishikia faili kwa mkono wake mzima ili niandike, akaninong'oneza: "Usijali mwanangu. Huku Komba ni wengi. Hata kanisani padri akiita, tunasimama watatu."

Huruma yake ndiyo iliyonimaliza kabisa. Bora angenitukana.

Mchana nimekwenda kuchukua ugali, Dada Skola mpishi akanizuia na mwiko. "Jina lako nani, kaka? Tuhakikishe kwanza kama upo."

Chekeni, lakini polepole. Mkataba wangu huku ni wa miaka miwili.